Mwanamke wa Kwenye Bango

Semeni alikuwa akiuza barafu za ukwaju na za ubuyu kibarazani kwake, mtaa wa Nguvumali, tangu mumewe alipofariki na kumwachia mtoto mmoja wa kike, Zuleha. Ukwaju aliuroweka mwenyewe, akauchuja kwa kitambaa cheupe, akatia sukari na iliki kidogo, kisha akaumimina katika vifuko vyembamba vya nailoni na kuvifunga fundo kwa vidole. Watoto wa shule walivitoboa pembeni kwa meno, wakafyonza barafu, na vifuko wakavitupa popote walipokuwa. Jioni Semeni alifagia mbele ya kibaraza chake. Vile vilivyopeperushwa na upepo hakuvifuata, na mtaani hapakuwa na mwingine aliyevifuata.

Kwa barafu hizo Zuleha alisoma mpaka chuo. Aliporudi Tanga na shahada yake hakukaa sana bila kazi. Asasi moja ya mjini ilikuwa imeanzisha kampeni iliyoitwa Nyumba Bila Nailoni, na ilimchukua awe anatengeneza mabango, matangazo ya redio, na kuzunguka majumbani kuwashawishi watu wapunguze vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Semeni hakuielewa kazi yote, ila alimtangazia kila aliyekuja kununua barafu.

"Mwanangu ndiye anayezungumza redioni," alisema. "Sauti ile nyembamba, ndiyo yake."

Kampeni ilipofika Nguvumali, wanawake waliitwa ofisi ya kata. Semeni alivaa kanga mpya, akawahi, akakaa mstari wa mbele. Alimsikiliza binti yake akieleza jinsi mifuko ya rambo ilivyokatazwa na serikali lakini nailoni nyembamba bado zimejaa madukani; jinsi ng'ombe wanavyozila, mitaro inavyoziba, na samaki wanavyozikuta baharini. Zuleha alizungumza bila karatasi. Wanawake walipiga makofi, na jirani yao Hasina akamgusa Semeni begani, akamwambia, "Umezaa, da Semeni." Semeni alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Tangu siku hiyo alikwenda sokoni na kikapu cha ukili. Mafuta ya kula alinunua kwa chupa yake. Muuza samaki alipotaka kumfungia vibua kwenye nailoni, alimzuia na kumtolea bakuli.

"Na barafu zangu je?" alimuuliza Zuleha walipokuwa wakila. "Hizi nizifunge na nini?"

"Wengine wanatumia vikombe vya kurudishwa, mama."

"Mtoto wa shule akurudishie kikombe! Labda umfunge kamba."

Walicheka wote wawili. "Tutatafuta njia," Zuleha alisema. Lakini kazi zikamzidi, na hawakulizungumza tena.

Siku ya Idi pili Zuleha alikuja nyumbani na kamera ya ofisi. Kibaraza kilikuwa kimejaa watoto waliovaa nguo za sikukuu, na Semeni alikuwa hana hata nafasi ya kukaa. Zuleha alimpiga picha akiwa ameinama kumpa mtoto barafu, kanga imemteleza kichwani, anacheka mpaka pengo lake la pembeni linaonekana. Chini miguuni pake vifuko vitupu vilikuwa vimetapakaa. Semeni alipoonyeshwa picha ile kwenye kioo cha kamera aliipenda sana.

"Nichapie hii," alisema. "Niitundike ukumbini."

"Nitakuchapia kubwa, mama."

Miezi michache baadaye Hasina alikuja kibarazani, akasimama bila kununua kitu.

"Da Semeni, umepita barabara ya Pongwe siku hizi?"

"Sijapita. Kuna nini?"

"Kuna picha yako. Kubwa, hata sijui nisemeje. Nenda ukajionee mwenyewe."

Semeni hakuuona uso wa Hasina vizuri, au aliuona akausoma vingine. Alichokumbuka ni ahadi ya binti yake. Alioga, akajifukiza udi, akavaa baibui lake zuri na viatu vya harusini, kisha akaenda kwa miguu, maana hakutaka kufika haraka.

Bango lilikuwa juu ya nguzo mbili za chuma, refu kuliko nyumba. Yule aliyekuwa juu yake alikuwa yeye kweli, na pengo lake, na kanga yake ya Idi. Mtoto anayepokea barafu uso wake ulikuwa umezibwa kwa ukungu, asitambulike. Uso wa Semeni haukuzibwa. Vile vifuko vya chini vilikuwa vimetiwa rangi vikazidi weupe, na vingine vimeongezwa, hata ilionekana kama amesimama jalalani. Herufi zilikuwa nyekundu. Semeni alizisoma polepole, neno moja moja, kama alivyofundishwa kisomo cha watu wazima.

ANACHOUZA LEO, KESHO KINAUA BAHARI.

Alisoma tena kwa kudhani amekosea. Hapo karibu vijana wa bodaboda walikuwa wakingoja abiria. Mmoja alimtazama, akatazama juu, akamgusa mwenzake.

"Mama Nailoni mwenyewe huyo!"

Hawakusema kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka wakikutana na mtu waliyemwona kwenye televisheni. Semeni aliivuta shela ikamfunika mdomo, akageuka.

Zuleha alirudi kutoka kazini, akanawa, wakakaa kula. Semeni alimpakulia wali na mchuzi wa pweza aupendao. Alikuwa ameshajiambia kuwa hatauliza. Mtoto mwenyewe atasema. Huenda wenzake waliichukua picha bila yeye kujua, huenda anatafuta namna ya kuanza.

"Kazi vipi?"

"Nzuri, mama. Tumechoka tu."

"Leo nilipita barabara ya Pongwe."

Mkono wa Zuleha ulisimama juu ya sahani. "Ulifuata nini huko?"

"Mihogo."

"Umepata?"

"Sikupata."

Zuleha aliendelea kula. Alikula haraka, akashukuru, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Semeni alibaki na sahani mbele yake, yake mwenyewe hajaigusa.

Baada ya hapo picha ndogo za lile bango zilibandikwa kwenye kuta, kwenye nguzo za umeme, na kwenye lango la shule ya msingi. Watoto walioanza na "Shikamoo bibi" sasa walianza na "Mama Nailoni." Walimu wakawakataza wasinunue kwake. Wanawake wenzake walimtetea walipokuwa mbele yake. Walipokuwa mbali hakujua walisema nini. Barafu ziliganda zikakaa. Semeni alizitoa, akazipasua moja moja, akamwaga ukwaju kwenye shina la mpapai.

Kila siku alimngoja Zuleha aseme. Zuleha aliongea juu ya joto, juu ya umeme kukatika, juu ya harusi ya rafiki yake. Hilo hakuligusa. Alikuwa amekonda, na alipokuwa nyumbani hakukaa tena kibarazani.

Mwisho Semeni aliamua kwenda ofisini mwenyewe. Hakwenda kugombana. Alitaka tu kuomba uso wake uzibwe kama ulivyozibwa wa yule mtoto. Alichagua siku ambayo Zuleha alimwambia kuwa watakuwa Pongwe kutwa nzima kwenye mkutano, ili asimtie aibu mbele ya wenzake.

Mkuu wa kampeni alikuwa kijana mpole aitwaye Innocent. Aliinuka alipomwona mtu mzima akiingia.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa hapa."

"Marahaba, baba."

Innocent alimtazama vizuri, uso wake ukachangamka. "Mama! Si wewe wa kwenye bango letu? Jamani, njooni mumwone! Mama, hujui umetusaidia kiasi gani. Watu wanalizungumzia mji mzima."

"Ndilo lililonileta," Semeni alisema. "Naomba mlishushe. Au basi, kama kulishusha ni vigumu, nizibeni uso."

Innocent aliacha kutabasamu. "Kwani hukuridhia, mama? Mimi niliambiwa Zuleha amezungumza nawe, ukakubali." Aligeukia mlango wa chumba cha ndani. "Zuleha! Hebu njoo kidogo."

Mkutano wa Pongwe ulikuwa umeahirishwa. Zuleha alitokea mlangoni akiwa amekumbatia mabango yaliyokunjwa, kitambulisho kimening'inia kifuani. Alipomwona aliyekaa kwenye kiti, moja likamponyoka likaviringika mpaka miguuni pa Semeni.

"Si ulisema huyu mama ni jirani yenu?" Innocent aliuliza. "Ukasema umezungumza naye?"

Wafanyakazi wawili waliokuja kumwona mama wa kwenye bango walikuwa wamesimama wakisubiri. Semeni alimtazama binti yake. Aliiona midomo yake ikifunguka, akajua kuwa sasa atasema. Hata moyoni alianza kupanga jinsi atakavyomjibu: si neno, mambo ya kazi, yamekwisha.

Zuleha alitazama sakafu.

"Ndiyo," alisema. "Ni jirani."

Semeni aliinama, akaliokota lile bango lililoviringika, akaliweka mezani.

"Kweli, baba," alimwambia Innocent. "Tunakaa mtaa mmoja. Alinieleza, mimi ndiye niliyesahau. Utu uzima huu."

"Hakuna tabu, mama. Lakini kama hupendi, sisi tutaliangalia."

"Mtaona wenyewe." Alisimama, akatengeneza baibui lake. Alipopita mlangoni alikuwa karibu na Zuleha kiasi cha kumgusa. "Haya mwanangu," alisema, "kazi njema."

Waliokuwapo hawakulishangaa neno hilo. Mama yeyote wa umri wake angemwita hivyo msichana yeyote.

Zuleha hakuweza kumfuata. Alikaa kwenye kiti chake akitazama kompyuta iliyozima, na saa za kazi zilipokwisha alikimbia. Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hasina alikuwa amekaa kibarazani kwake, ufunguo uko mapajani.

"Mama yako amekwenda Moa kwa dada yake," alisema. "Hilo friza ameniambia nilichukue mimi. Nimemkatalia, akaniambia basi nikuachie wewe ulifanye utakavyo."

"Amesema anarudi lini?"

"Hakusema." Hasina alimpa ufunguo bila kumtazama. "Zuleha, sisi wote tulidhani hukujua. Tulikuwa tunamwambia mama yako: huyo mtoto hajui, angejua asingenyamaza. Naye alikuwa anaitikia."

Kesho yake Zuleha alimweleza Innocent ukweli. Alieleza amesimama, kwa sababu hakuona kama anastahili kukaa. Innocent alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Mlipoiona ile picha kwenye kompyuta yangu, Lea alisema, tazameni huyu mama, amekaa jalalani kama malkia. Wote mkacheka." Zuleha alivuta pumzi. "Na mimi nikacheka. Mlipouliza ni nani, nilikuwa nimeshacheka. Nikasema ni jirani. Baada ya hapo kila siku ilikuwa vigumu kuliko ya jana yake."

"Na jana? Mama wa watu alikuwa amekaa hapa."

"Jana sijui," Zuleha alisema, akaanza kulia. "Wallahi, sijui."

Bango kubwa lilishushwa wiki ileile. Zuleha aliacha kazi. Yale madogo ya ukutani aliyabandua mwenyewe, kwa kisu na ndoo ya maji, watu wakipita wakimtazama. Gundi ilikuwa kali. Kwenye lango la shule karatasi ilikatika vipande, zikabaki alama ambazo hazikutoka hata aliposugua mpaka vidole vikachubuka.

Kisha akaenda Moa. Bodaboda ilimshusha kwenye njia ya mchanga, akaulizia nyumba ya bi Khadija anayelima mwani. Alimkuta mama yake uani, ameketi na wanawake wengine, wakichambua mwani na kufunga vipando vya mbegu kwenye kamba. Semeni alimwona kwanza. Akaweka kamba chini.

"Karibu," alisema. "Umekula?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Huyu nani, da Semeni?" mmoja wa wale wanawake aliuliza.

"Mwanangu. Wa kumzaa mimi," Semeni alijibu, wala hakungoja, akainuka kwenda kumtafutia maji ya kunawa.

Zuleha aliuma midomo. Wanawake walimkaribisha, wakamsifu kuwa amefanana na mama yake, mmoja akamsogezea kigoda. Khadija, dada mkubwa wa Semeni, alimwitikia salamu kwa upole, lakini hakumwuliza habari za mjini.

Baada ya kula, walipobaki wawili barazani, Zuleha alipiga magoti na kumshika mama yake miguu.

"Nisamehe, mama."

"Inuka. Nilikusamehe palepale, kabla sijafika barabarani."

"Basi twende nyumbani. Mabango yote nimeyatoa. Kazi nimeiacha."

"Kazi usingeacha," Semeni alisema. "Mlichokuwa mnasema ni kweli. Hapa kila bahari ikijaa inaleta nailoni, zinajizungusha kwenye mwani, dada yangu anakaa kuzitoa. Nimezitoa mimi mwenyewe kwa mikono hii. Nikiviona vile vifuko vyembamba najiuliza kama vingine ni vyangu. Ungenijia ukaniambia, mama, acha, ningeacha. Ungeniambia, mama, nataka kukutia kwenye bango watu wajifunze, ningekaa vizuri unipige picha."

"Najua, mama."

"Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja uniambie."

Zuleha alilia bila sauti, paji la uso liko kwenye magoti ya mama yake. Semeni alimpapasa mgongoni, polepole, kama alivyokuwa akimpapasa alipokuwa na homa utotoni.

"Twende nyumbani," Zuleha alirudia.

"Siendi."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini tukikaa nyumba moja, kila ukitoka nitakutazama nione kama unaona haya kuonekana nami. Ukileta rafiki, nitajificha jikoni nisikutie aibu. Nawe utajua kwa nini najificha. Hatutaishi hivyo, mwanangu. Wewe njoo unitazame. Mlango huu ni wako. Mimi huko sirudi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Zuleha angependa mama yake apige kelele, amtukane, amfukuze. Hapo angekuwa na cha kuombea msamaha. Sasa hakuwa nacho. Alikaa kidogo, akaosha uso, akamuaga bi Khadija. Semeni alimsindikiza mpaka njiani, akamtilia nazi mbili na samaki wa kukaanga ndani ya kikapu, akamwambia bodaboda aende taratibu. Alibaki amesimama mpaka pikipiki ilipopotea nyuma ya minazi.

Aliporudi uani alikaa palepale alipokuwa na kuchukua kamba yake. Alifunga vipando vichache. Wanawake wengine walikuwa wamekwenda zao, amebaki Khadija tu.

"Dada," Semeni alisema, "nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Alipokuwa darasa la pili alirudi kutoka shule analia. Wenzake walimwambia ananuka ukwaju. Nikamwambia, waambie mama yangu ndiye anayewatengenezea barafu mnazozipenda. Akasema hataki kuwaambia. Nikamwuliza kwa nini, akaninyamazia. Nikasema, mtoto huyu, yatapita. Nikambadilisha sare. Tangu siku ile alipokuwa anapita na wenzake mbele ya kibaraza alikuwa hasimami. Nilikuwa namwona, dada. Nilikuwa namwona anapita, nami najishughulisha na friza nisimwite."

Khadija aliisukuma kamba pembeni, akasogea, akamshika dada yake mkono uliokuwa umejaa chumvi. Semeni aliegemea bega lake na kulia, kwa sauti sasa, kilio ambacho hakukitoa barabara ya Pongwe wala ofisini, wala mbele ya binti yake. Alilia mpaka bahari ilipoanza kujaa upya, na Khadija hakumwambia anyamaze.